Yungiyungi kwenye Ukuta Wenye Mbavu

Kwako mama mdogo Spesiosa,

Najua ungekuwa hai ungenicheka. Ungeshika kiuno useme, "Yustina, tangu lini wewe ukaandika barua ndefu?" Basi cheka huko uliko. Nina jambo moja la kukueleza ambalo hukuliona, lakini siwezi kulifikia mpaka nipite kwanza kwenye yale tuliyoyaona pamoja, mimi na wewe. Ulipokuwa hai kila nikianza kuyasema ulinikata kauli. "Acha hayo, koroga mboga." Leo hakuna mboga ya kukoroga, kwa hiyo utanisikiliza.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano baba alipokuleta. Mama yangu alikuwa ameshafariki kule Kibondo, na baba, kwa kushindwa kuikalia nyumba ile, alitubeba mimi na cherehani yake akaja kushonea watu nguo hapa Kasulu, kwenye baraza la duka la Mzee Shabani. Akajenga nyumba ya udongo pembeni ya mji, njia ya kwenda Heru Juu. Kisha siku moja akaenda Kibondo kumwona bibi, akarudi na wewe. Ulikuwa na kifurushi kichwani na jembe lisilo na mpini mkononi. Ulikuwa umevuka mpaka na watu wa kwenu waliokimbia mauaji, bibi akakupokea, ukamlimia mihogo yake msimu mzima. Baba akasema, "Huyu ni mama yako mdogo." Nikajibu, "Shikamoo," nikatoka kwenda kuchota maji wakati mtungi ulikuwa umejaa.

Sikukupenda, na ulijua. Nilikuita "wewe." Ulinisalimia kwa kupiga makofi taratibu kama tunavyofanya huku, lakini kwa kusema "amahoro," na baba alikuwa anashtuka kila mara. "Sema mwidiwe," alikukumbusha. "Hapa tunasema mwidiwe." Ulikuwa unacheka, unaziba mdomo kwa kiganja. Kwangu mimi kile kicheko kilikuwa kero tupu.

Halafu ukaanza na ukuta. Mweh! Nilirudi siku moja kutoka kisimani nikakuta umejaza samadi ya ng'ombe kwenye karai, unaichanganya na majivu kwa mikono yako miwili, kwenye sebule yetu. Nikasema kwa sauti ili jirani asikie, "Leo nyumba yetu imekuwa zizi!" Ulichukua donge, ukalibana kwa vidole viwili, ukalivuta ukutani likawa tuta jembamba, kisha kidole gumba kikapita kusawazisha. Tuta la pili likafuata, na la tatu, yakipanda na kushuka kama vilima vya Muyama ukivitazama kwa mbali. Sijui ni lini niliweka ndoo chini. Ninachojua ni kwamba kufikia jioni mimi ndiye nilikuwa nimeshika karai.

Ulinifundisha bila kusema unanifundisha. "Hapo umeminya sana, litapasuka." "Acha likauke, una haraka ya kwenda wapi?" Yalipokauka yakawa magumu kama jiwe. Ukayasugua kwa kokoto laini ya mtoni, ukapaka masizi yaliyochanganywa na utomvu wa shubiri, weusi unaong'aa, kisha udongo mwekundu, kisha mweupe. Ukuta mzima, kutoka mlangoni mpaka dirishani, ulikuwa na mbavu. Bibi yako ndiye aliyekufundisha, ukaniambia, kwenu kila nyumba yenye bibi mwenye mikono ilikuwa na ukuta wa namna hiyo. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilikuuliza kitu kuhusu kwenu. Nilitamani kuuliza zaidi lakini kiburi kilinibana.

Raha yetu haikudumu. Wakati ule watu walikuwa wanahamishwa kila upande, wenyeji wanapelekwa kwenye vijiji vipya, na watu wa kwenu waliokaa karibu na mpaka wanakusanywa wapelekwe makazi ya mbali, huko Tabora porini. Lori lilikuwa linapita. Watu hawakuwa na ubaya na makazi yale, wengine walisema mashamba huko ni mapana. Lakini aliyepandishwa hakuwa amechagua, na hakuna aliyejua atarudi vipi. Na wewe ulikuwa na mimba ya Stefano, tumbo limeshaanza kujionyesha chini ya khanga.

Aliyetutisha kuliko lori alikuwa Mzee Gwasa, balozi wetu wa nyumba kumi. Mrefu, mkavu, fimbo mkononi, kofia haivui hata ndani. Juma la kwanza la lori alikuwa amewataja kwa wakubwa vijana wawili ndugu, wa ng'ambo ya mpaka kama wewe, waliokuwa wanalima vibarua kwenye mihogo ya watu. Walikuwa wapole wale, mmoja alinitengenezea mpini wa jembe. Tuliwaona wanapanda lori na sufuria yao moja. Mzee Gwasa alisimama barabarani mpaka lori likapotea, kisha akaenda zake nyumbani kula. Tangu siku hiyo baba hakulala vizuri.

Asubuhi moja Mzee Shabani akamnong'oneza baba barazani kwamba kesho wanapita upande wetu. Ofisa mgeni, mgambo, na balozi. Baba akaacha suruali ya mtu kwenye cherehani, akaja nyumbani mbio, jasho linamtoka, akasimama sebuleni akiutazama ukuta.

"Huu," alisema. "Huu utatumaliza."

Wewe ukamwuliza, "Ukuta una kosa gani?"

"Kosa lake ni kwamba hauna mwenzake Kasulu nzima. Wanawake wa huku wanasiriba bapa, bila tuta. Gwasa akiingia humu atajua kabla hujamsalimia."

Mpaka siku hiyo wageni wetu walikuwa wanaishia barazani, na wewe ulikuwa umemaliza kupaka majuzi tu. Lakini ilikuwa masika. Mvua ikiwakuta kwetu wataingia ndani. Baba akachukua panga ili aukwangue. Ukasimama mbele ya ukuta na tumbo lako. Hukupiga kelele. Ulisema tu, "Nimeacha kila kitu ng'ambo. Hiki sikwangui." Baba alishusha panga polepole. Kusiriba juu yake pia haikufaa, maana kwa mvua ile udongo ungekaa mbichi juma zima, na ukuta mbichi unajieleza wenyewe kwamba kuna kitu kimefichwa.

Ndipo baba akakumbuka karatasi.

Watu wa mjini walikuwa wanabandika magazeti ukutani, lilikuwa jambo la kawaida. Lakini Mzee Shabani alikuwa na kitu kikubwa zaidi, marobota ya karatasi ya ukutani yenye maua, yaliyoagizwa na Mhindi mmoja kwa ajili ya sebule yake akahama kabla hayajafika. "Chukua tu," alimwambia baba. "Wallahi panya wenyewe wameyaonea haya." Baba akayaleta chini ya koti. Tukayakunjua sakafuni. Maua ya yungiyungi! Makubwa kama sahani, rangi ya waridi, yamekaa juu ya majani ya mviringo na maji ya kijani. Mimi nilikuwa sijaona kitu kizuri namna ile. Nikageuka kukutazama, nikakuona umerudi nyuma hatua nzima.

"Haya nayajua," ulisema. "Haya yanakaa kwenye kinamasi."

Ukatueleza pale pale, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mlipokuwa mnavuka mlipita kwenye maji yaliyojaa yungiyungi, maji yamefika kifuani, na mlishika mashina ya maua ili msizame. Mdogo wako alishika shina likakatika. Ulisema hivyo tu. Kisha ukaniambia, "Yustina, pika gundi."

Gundi! Hapo ndipo tulipokosea wote watatu, kosa la watu wa nchi ya muhogo. Sisi huku kila kitu ni muhogo. Ukiwa na njaa muhogo, ukiwa na mgeni muhogo, kwa nini ukuta usile muhogo? Nilikoroga uji mzito wa unga wa muhogo sufuria nzima. Tukaupaka kwa ufagio, tukabandika. Ulishika vizuri, loo, tukafurahi. Hatukujua kwamba uji ule umeshika udongo mweupe, na udongo mweupe wenyewe haujashika kitu, ni vumbi tu limelala juu ya ukuta. Kwenye nyumba ya saruji ya yule Mhindi labda ungekaa miaka. Na zile mbavu zako je? Kila yungiyungi lililopita juu ya tuta lilivimba. Baba alitazama kwa kichwa upande. "Yana mimba," alisema. Ulicheka mpaka ukakaa chini, na mimi nikacheka na wewe, nadhani ni mara ya kwanza tulicheka jambo moja.

Kesho yake mvua ilianza mapema. Walifika wakiwa wameloa, wakaingia ndani bila kusubiri, kama baba alivyohofia. Ofisa alikuwa kijana wa mikoa ya mbali, Kiha hajui hata kidogo, mpole wa sauti, na hao wapole ndio nilijifunza siku hiyo kuwaogopa. Mgambo alikuwa mtoto wa hapa hapa. Mzee Gwasa aliingia mwisho, akakung'uta fimbo, akakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, kofia kichwani.

Baba kwa ukarimu wa woga akaagiza jiko la mkaa liletwe ndani wageni wajikaushe. Mama mdogo, baba yangu alikuwa fundi mzuri lakini siku ile akili ilimtoka. Chumba kikapata joto. Ofisa akaegemea ukuta, akajisogeza, akaegemea tena.

"Fundi," akasema, "mbona ukuta wenu una mbavu?"

"Udongo wa masika, mkuu," baba alijibu. "Haukulala vizuri."

"Lakini karatasi nzuri."

"Ya kuombwa tu, mkuu."

Wewe ulikuwa umepiga magoti mlangoni na bakuli la maharage, umesalimia kwa makofi, "mwidiwe," kama ulivyofundishwa. Ndipo niliposikia sauti juu ya kichwa changu. Kraaa. Ndogo, kama mtu anachana kitambaa chumba cha pili. Nikainua macho. Pembe ya karatasi, kule juu, ilikuwa imejikunja na inazidi kujikunja. Wewe pia ulisikia, ukanitazama mimi.

Nikasimama. Nikaenda nikajibandika ukutani kwa mgongo, mikono nyuma, nikaishikilia karatasi kwa viganja kama msichana mwenye haya mbele ya wageni. Joto la jiko linanipiga usoni, gundi inaachia nyuma yangu kidogo kidogo, nasikia udongo mkavu unanidondokea shingoni. Nilimwomba Mungu na nilimwomba mama yangu marehemu, wote wawili kwa mkupuo. Ofisa anauliza baba amekaa Kasulu tangu lini, anashona nguo za nani. Mzee Gwasa ananitazama mimi.

"Binti," akasema ofisa, "hebu niletee maji ya kunywa."

Sikusogea. Baba akasema, "Yustina." Sikusogea. Basi Mzee Gwasa akagonga fimbo sakafuni, mara moja. "Umeambiwa maji."

Ningefanya nini? Nikaondoka. Sikufika hata kwenye mtungi. Karatasi nzima ilijiinamia kutoka juu, polepole, na maua yake yote, ikamfunika mgambo kichwa na mabega, vumbi jeupe likajaa chumba. Mgambo akapiga kelele akidhani paa limeanguka. Siku nyingine ningecheka. Siku ile niliganda. Ukuta wako ulikuwa wazi, mweusi na mwekundu na mweupe, mbavu zote nje.

Ofisa akasimama kuutazama. "Lahaula! Nani kachora?"

Mvua inapiga nyasi za paa.

Mgambo, mwenye aibu ya kupiga kelele, akajitoa kwenye karatasi akasema, "Mkuu, kazi hii si ya huku. Wanawake wa huku hawafanyi hivi. Hii ni ya ng'ambo."

Ofisa akageuka kwako. Sauti bado ya upole. "Mama, wewe ni wa wapi?"

"Kibondo."

"Kibondo wapi?"

Baba akaingilia, "Ni mke wangu, mkuu. Ana mimba yangu."

"Sikatai. Mke wa mwenyeji anabaki, utaratibu ndio huo. Lakini siku hizi lori likija, kila mtu ana mke. Mimi pia nimetoka kwenye kabila la watu wanaooa, fundi. Nijibu swali moja. Mahari yake alipokea nani?"

Alikuwa amepata mahali pa kushika. Hata wewe ulijua. Kwetu mwanamke hajaolewa mpaka mtu wa kwao akae aseme nimepokea, na mahari yako hayakuwa na wa kuyapokea. Baba yako amebaki ng'ambo ardhini, kaka zako hujui walipo. Baba alikuwa tayari kutoa, alikuwa na ng'ombe mmoja kwa ajili hiyo; ampe nani? Nilikuona unaweka bakuli chini, unajifunga khanga vizuri kiunoni, kama mtu anayejiandaa na safari. Hapo nikajua kwamba sitaki uende.

Mzee Gwasa akainuka. Tulidhani anakuja kukushika. Akakupita. Akaenda ukutani, akaweka kidole kwenye tuta la kwanza karibu na mlango, akalifuata. Likipanda anapanda nalo, likishuka anashuka nalo, akitembea kando ya ukuta, mpaka dirishani. Alikaa pale ametupa mgongo. Kisha akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa na upara, hatukuwahi kukiona.

"Mimi," akasema.

"Wewe nini, mzee?"

"Mahari nimepokea mimi. Huyu ni binti yangu."

Mgambo akafungua mdomo. Mzee Gwasa akamtazama tu, akaufunga.

Ofisa akacheka kidogo. "Balozi, binti yako anatoka Kibondo na wewe uko Kasulu?"

"Mwanamume haishi nyumba moja maisha yake yote. Ng'ombe yuko zizini kwangu, mweusi mwenye baka. Ni mbali kidogo, kuna mabonde mawili ya kuvuka. Twende sasa hivi ukamwone." Akachukua fimbo yake, akafungua mlango. Mvua ikaingia mpaka kwenye jiko.

Tulimtazama ofisa. Ofisa alitazama mvua, akatazama viatu vyake, akamtazama mzee aliyesimama mlangoni analoa kwa ajili ya ng'ombe ambaye mimi nilikuwa najua kabisa hayupo. Nadhani na yeye alijua. Mpaka leo sijui alichowaza. Alisema, "Haina haja, balozi. Neno lako linatosha." Akainama akapita mlangoni, mgambo nyuma yake.

Mzee Gwasa alibaki kidogo. Akakugeukia wewe, kwa ukali ule ule wake, kama anayegombeza mtoto.

"Hujui kumsindikiza baba yako?"

Ukapiga magoti kwenye maji ya mlangoni, ukapiga makofi, ukasema, "Data," baba kwa lugha ya kwenu. Alitoka na kofia mkononi.

Siku ya pili alikuja tena, jua limewaka, tukatetemeka upya. Kumbe alikuja kudai pombe. "Nimeoza binti," akasema, "na sijaonja hata tone." Baba alikimbia kutafuta pombe ya ndizi kwa majirani, akarudi na kibuyu na mirija. Mzee akanywa, ndipo akatueleza kwamba mama yake mzazi alitoka ng'ambo, akaolewa huku zamani kabla mtu hajaambiwa mpaka uko wapi. Ukuta wake ulikuwa hivyo hivyo. Alipokufa shangazi zake waliusiriba bapa, yeye akiwa mtoto, na alikuwa hajaiona kazi ile tena mpaka siku ya karatasi.

Baba akasema, "Mzee, tulikuogopa sana."

"Mlifanya vyema," alijibu. "Wale vijana wawili niliwataja mimi. Hilo nalijua." Alivuta mrija mpaka kibuyu kikalia.

Na ng'ombe je? Yule mmoja wa baba alipelekwa kwake, bila shaka. Mzee hakukubali uongo wake ukae bila ng'ombe.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Uliiokota ile karatasi iliyochanika, ukaikunjua ukaitazama siku nyingi, kisha kwenye ukuta wa pili ukaanza kuvuta matuta ya samadi, mviringo ndani ya mviringo, likawa yungiyungi. Nilikuuliza kwa nini lile ua, baada ya yote uliyoyasema. Ukaniambia, "Walioshika wakavuka pia tuko." Stefano alizaliwa chini ya ukuta huo. Wanawake wakaanza kuja, kwanza kuchungulia, kisha kuomba. Mke wa yule mgambo naye alikuja! Tulizunguka mimi na wewe, karai kichwani, nyumba hadi nyumba, wewe unavuta, mimi napaka, na mimi ndiye niliyekuwa nagombana na wenye nyumba waliotaka kazi iishe siku moja. Hapo katikati nikaanza kukuita mama mdogo kwa mdomo wangu mwenyewe, na wewe ukanipa tu donge kubwa zaidi la samadi.

Sasa hili ambalo hukuliona.

Siku ya kukuzika, watu walijaa mpaka barabarani. Jeneza lilipofika kaburini, mzee wa ukoo wetu akasimama kama desturi ilivyo. Akauliza, "Kabla hatujamshusha mama huyu, watu wa kwao wako wapi? Nani anasema kwa niaba ya waliomzaa?"

Mama mdogo, Stefano akanishika mkono, mtu mzima yule, ananishika kama mtoto. Mzee Gwasa mwenyewe alikuwa amekufa zamani. Baba hayupo. Yule mdogo wako alibaki kwenye maji, na kaka zako hawakuonekana kamwe. Nikatazama chini nikiwaza, nitasema mimi, lakini mimi ni wa huku, mimi siwezi kujibu swali lile, wangenikalisha. Nikasikia kikohozi nyuma.

Walikuwa watoto wa Mzee Gwasa. Wote, wenye mvi, na yule mkubwa, bahili unayemjua, yule asiyetoa hata chumvi, mbele yao na fimbo. Watu wakawapisha.

"Tuko hapa," akasema. "Huyu ni dada yetu. Baba alipokea ng'ombe wake."

Mzee wa ukoo akawauliza mna neno gani. Nilidhani atasema neno la huruma. Aka! Yule bahili akanyoosha fimbo kwa Stefano.

"Neno tunalo. Dada yetu amelala, na mbuzi wa wajomba hajaletwa. Mnamzika nani kabla sisi hatujapewa mbuzi wetu? Mnadhani huyu hana kwao?"

Watu wakaguna. Stefano akafura, akataka kujibu. Nikamkanyaga mguu. Alikuwa anadai kwa haki yake, mama mdogo, kwa sauti ya juu, mbele ya Kasulu yote, anagomba kama wanavyogomba watu waliofiwa na damu yao. Wakasimamisha mazishi yako kwa ajili ya mbuzi. Nililia na nilicheka, watu wakanishika wakidhani nimepagawa. Tukaleta mbuzi, mkubwa kuliko wote tuliokuwa nao. Yule bahili akamshika miguu, akampima, akasema amekonda. Kisha akatupa udongo wa kwanza kaburini kwa mkono wake.

Lala sasa. Hayo ndiyo niliyotaka uyajue.

Mimi mwanao, niliyekushikia karai,
Yustina